Mashine Iliyomwita Gathogo

Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Nimeutii msemo huo katika mazishi mengi, hata ya watu ambao sikuwapenda, lakini Jumamosi ile kule Waithaka, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, niliuvunja moyoni kabla mchungaji hajamaliza sala ya kufungua. Tulikuwa tunamzika Mwaniki, fundi wa kompyuta aliyenifundisha kazi karibu miaka ishirini iliyopita. Programu ya mazishi ilikuwa ya karatasi nzuri ya kung'aa, na picha yake mbele akiwa ndani ya suti ya kijivu ambayo sikuwahi kumwona nayo. Mpwa wake alisimama kwenye kipaza sauti akasoma wasifu. Alipofika ukurasa wa tatu akasoma kwamba mashine kuu ya kampuni ilipokufa, Mwaniki ndiye aliyeifufua, peke yake, siku mbili bila kula wala kupumzika, na kazi za watu wengi zikaokolewa. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja kando yangu akatikisa kichwa, akasema kumbe jirani yetu alikuwa mtu mkubwa hivyo. Mimi nilishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Mashine ile niliifufua mimi. Mwaniki ndiye aliyeiua, na mimi ndiye niliyefutwa kazi kwa kuiua.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza, katika kampuni ya wapima ardhi iliyokuwa ghorofa ya sita ya jengo moja kuukuu katikati ya jiji. Wenye kampuni walikuwa wawili, Bwana Gathogo na Bwana Kibe, na majina yao yote mawili yalikuwa yameandikwa mlangoni kwa herufi za shaba. Gathogo ndiye aliyenihoji na kuniajiri. Aliniuliza maswali matatu tu, akanionyesha chumba cha mashine, akaniambia nianze Jumatatu. Chumba hicho zamani kilikuwa jiko la ofisi. Sinki lilikuwa bado ukutani, mfereji wake umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na seva yenyewe, ile mashine kuu, ilikaa pale ambapo zamani paliwekwa kuka ya kupikia. Kulikuwa na harufu ya vumbi la moto na sabuni ya vyombo ambayo haikutoka hata baada ya miaka. Ndani ya seva hiyo mlikuwa na ramani zote za mashamba na ploti ambazo kampuni ilikuwa imepima tangu ianzishwe: mashamba makubwa ya Karen yenye miti mingi kuliko watu, na vipande vya Waithaka na Dagoretti ambavyo baba aliwagawia wanawe, nao wakawagawia wana wao, mpaka kipande kikawa hakitoshi kugeuzia mkokoteni. Mawe ya mpaka yakitolewa usiku na jirani, ramani yetu ndiyo iliyosema yalikuwa wapi.

Mwaniki alinizidi kwa miaka kama kumi na minne hivi. Sitaki kumnyima haki yake, ingawa yeye alininyima yangu: alikuwa mwalimu mzuri. Hakuwa na maringo ya mafundi wa siku zile waliogeuza skrini ili usione wanachoandika. Saa saba tulishuka ngazi, kwa sababu lifti ilikuwa na siku zake, tukaenda kibandani kwa Mama Ciku nyuma ya jengo, tukala chapati na maharage ya madondo, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko nilivyojifunza chuoni. Siku moja alinieleza kwa nini seva yetu inawaka kwa hatua. Diski zake nne zilikuwa zimeunganishwa kuwa kundi moja, na kundi hilo lilikuwa na jina. Kutoka kwenye kundi tulikata sehemu kadiri tulivyotaka, moja ya mfumo, moja ya ramani, moja ya barua, na sehemu ikijaa tunaiongezea bila kuhamisha kitu. Lakini mashine inapoamka tu haijui kulisoma kundi. Inaanza na kifurushi kidogo kinachopakiwa kwenye kumbukumbu, ambacho mafundi tunakiita initrd, na kazi yote ya kifurushi hicho ni kulitafuta kundi kwa jina lake, kulifungua, kisha kukaa kando. Mwaniki alichovya chapati kwenye mchuzi akaniambia, "Hiyo initrd ni kama soja wa geti. Aliandikiwa jina ya mwenye nyumba siku ya kwanza. Ukibadilisha hiyo jina na usimshow, mwenye nyumba atalala nje." Nilicheka. Nimeyakumbuka maneno hayo kila siku tangu wakati huo, na kila nikiyakumbuka napandwa na hasira upya, kwa sababu aliyeniambia ndiye aliyekuja kuyasahau.

Kundi la diski zetu liliitwa gathogo. Si mimi niliyelipa jina hilo. Siku Mwaniki alipoipanga seva, miaka kabla sijafika, Bwana Gathogo alikuwa amesimama nyuma yake akitazama, na kompyuta ilipouliza jina la kundi, Mwaniki akaandika la bosi. Alijipendekeza, wakacheka wote wawili, na jina likakaa.

Kufikia Machi wakubwa hao wawili walikuwa hawasalimiani. Ukuta kati ya jiko letu na ofisi ya Bwana Kibe ulikuwa wa mbao, kwa hiyo tuliyasikia yote bila kutega sikio. Kibe alisema Gathogo anachukua wateja kando. Gathogo alisema Kibe hajashika chombo cha kupimia tangu alipopata tumbo. Mwaniki alikuwa akisikiliza huku akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Aliniambia nikae mbali na hayo mambo, fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia. Nilimwambia mimi si nyasi, mimi nina mkataba. Mwezi wa tano Gathogo aliondoka na sanduku moja na mwavuli. Alipita jikoni kutuaga, akanishika mkono, akaniambia nisome sana. Kesho yake fundi alikuja na bisibisi akazing'oa herufi zake za shaba mlangoni, zikabaki alama nyeupe ambazo mtu bado angeweza kuzisoma.

Alama hizo zilimkera Kibe sana. Akapaka rangi mlango, na bado akaona haitoshi. Kila Jumatatu asubuhi tulikuwa na ibada ya nusu saa kabla ya kazi, kama ofisi nyingi za hapa, wimbo mmoja, neno fupi, sala, chai. Baada ya Gathogo kuondoka kampuni ilipoteza wateja wawili wakubwa kwa mpigo, na Jumatatu iliyofuata Kibe alimleta mchungaji kutoka kanisa lake aje atakase ofisi. Mchungaji alikuwa mtu mpole mwenye sauti ndogo na chupa ya mafuta ya zeituni. Alipaka mafuta miimo ya milango, meza, kabati za faili, na alipofika jikoni akapaka seva yetu pia, tone moja juu ya kifuniko, nami nikaomba kimoyomoyo lisiingie kwenye tundu za hewa. Kisha akatuambia kwamba jina hubeba mtu, na pale jina lilipo, mwenyewe hajatoka. Kibe aliitikia amina kwa nguvu. Wiki nzima tulitupa vikombe, kalenda, mihuri, karatasi za barua. Mhasibu aliambiwa abadilishe majina ya faili. Mimi nilidhani kazi imekwisha hapo. Sikujua kwamba mtu mmoja alikuwa amemwambia Kibe kuwa hata ndani ya seva, pale diski zilipounganishwa, Gathogo bado yumo. Mtu wa kulijua hilo, mbali na mimi, alikuwa mmoja tu.

Mwezi wa saba nilipewa likizo ya wiki mbili, nikaenda nyumbani Kimilili. Nilisaidia kuvuna mahindi, nikalala, nikanenepa. Katikati ya wiki hizo mbili, siku ya Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mtu aliketi mbele ya seva akatoa amri moja fupi ya kubadilisha jina la kundi la diski, kutoka gathogo kuwa kibe. Amri hiyo haiumi. Unaitoa mashine ikiwa inafanya kazi, inajibu kwamba imekubali, na hakuna kinachotikisika, kwa sababu mashine iliyo macho imeshashika kila inachohitaji. Ramani zikaendelea kufunguka. Barua zikaendelea kwenda. Nilirudi kazini na zawadi ya ndizi mbivu, Mwaniki akala mbili, hakuniambia chochote. Kwenye orodha yetu ya kuwashia na ndani ya initrd, jina la zamani lilikuwa limebaki pale pale. Soja hakuambiwa.

Mwezi wa nane, Jumanne saa tano asubuhi, stima ilipotea mtaa mzima. Betri za akiba zilishikilia dakika chache, zikalia, zikazima. Stima iliporudi nilibonyeza kitufe cha seva na kusimama nikingoja, kama nilivyofanya mara nyingi. Maandishi yalipanda kwenye skrini, kisha yakasimama. Mashine ilisema, kwa Kiingereza chake kikavu, kwamba kundi la diski liitwalo gathogo halikupatikana. Mstari wa mwisho ulisema kernel panic, maana yake moyo wa mfumo umekata tamaa na hauendelei. Nilizima, nikawasha tena. Ikasema vilevile. Mara ya tatu wakawa wamejaa mlangoni: mhasibu, wachora ramani wawili, Mwaniki na kikombe chake cha chai, na Kibe mbele yao wote, akiwa ameshika simu ambayo mteja alikuwa bado anaongea ndani yake.

Kibe alisogea mpaka pua yake ikawa karibu na kioo. Aliisoma ile mistari polepole, na niliona shingo yake ikibadilika rangi.

"Nekesa. Hii jina inafanya nini kwa screen yangu?"

Nikamwambia mashine inatafuta diski zake na inaziita kwa jina zililopewa mwanzo, na bado sijajua kwa nini haizipati.

"Mwaniki, si uliniambia hii kitu ilitoka?"

"Niliitoa, Director."

"Sasa nani ameirudisha?"

Hapo palikuwa pa Mwaniki kusema. Fundi aliyelibadilisha jina kwa mkono wake angejua jibu: jina halikurudishwa na mtu, lilikuwa halijaondolewa mahali pote. Sentensi mbili zingetosha. Mwaniki alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba amedondosha kitu mle, akasema, "Mimi sijui, Director." Kibe akanigeukia. Kwa mantiki yake ilikuwa rahisi. Jina liliondolewa, jina limerudi, na ofisini kuna mtu mmoja aliyeajiriwa na mwenye jina. Alisema mbele ya watu wote kwamba Gathogo ameacha mtu wake jikoni. Mhasibu alinitazama kwa huruma ile ya mtu anayefurahi kwamba si yeye. Nilitaka kumwambia Kibe kwamba mashine haina ukoo wala chuki, inasoma kilichoandikwa, lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nikasema tu kwamba nitaiwasha.

Waliondoka, hata Mwaniki, aliyesema ana dharura hospitalini. Mkewe, Mama Shiru, alikuwa mjamzito na daktari alikuwa amemlaza asisimame. Nilibaki jikoni na CD ya usakinishaji, ile ambayo hukuwezesha kuingia kwenye mashine iliyokufa kwa mlango wa nyuma. Niliiwasha kwa CD, nikaitisha orodha ya makundi ya diski, na hapo nikaona: kundi lilikuwepo, zima, halina hata mkwaruzo, na jina lake lilikuwa kibe. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Diski zilikuwa pale pale zilipokuwa siku zote na mashine ilikuwa inapita karibu nazo ikimwita mtu aliyehama. Nilizifungua kwa mkono sehemu moja moja, kwa sababu hata orodha ya ndani ilikuwa na jina la zamani, nikaingia, nikasahihisha orodha hiyo, nikasahihisha mstari wa kuwashia, nikaanzisha upya. Ikafa vilevile. Gathogo halikupatikana. Jumanne ikaisha hivyo, na niliondoka nikiwa na njaa, nikapita kwa Mama Ciku kumekwisha hata mchuzi.

Jumatano asubuhi nilikuwa naosha uso kwenye karai, kwenye chumba changu cha kupanga Waithaka, niliposikia soja wa ploti akibishana getini na mtu wa maziwa mgeni. Nikasimama na maji yakinichuruzika shingoni. Nilikuwa nimebadilisha karatasi zote isipokuwa ile aliyoshika soja mwenyewe. Kifurushi kilitengenezwa zamani na jina likiwa limeandikwa ndani yake, na hakisomi orodha mpya, ni lazima kitengenezwe upya. Kufikia saa nne nilikuwa nimeshaingia tena kwa CD, nikaunda initrd mpya, amri ya mstari mmoja, nikatoa CD, nikaanzisha. Maandishi yakapanda, yakapita pale yalipokuwa yakikwama, yakaendelea. Seva iliponiuliza jina na paswadi nilikuwa nalia, na silii ovyo. Mchora ramani mmoja alipiga kelele kutoka chumba cha pili kwamba faili za Karen zimefunguka. Hakuna aliyekuja jikoni.

Kabla ya kufunga kazi nilitafuta nani amefanya nini. Mfumo ule wa diski una tabia moja nzuri: kila ukiubadilisha, unaweka kwanza nakala ya hali ilivyokuwa, na juu ya nakala unaandika amri iliyotolewa, siku na saa. Niliikuta. Kubadilisha gathogo kuwa kibe, Alhamisi ya likizo yangu, saa nne na dakika kumi. Watu wenye paswadi ya mwenye mashine tulikuwa wawili tu, na mmoja wetu siku hiyo alikuwa Kimilili kwenye mahindi, tiketi ya basi ipo. Niliichukua nakala hiyo kwa flashi, nikaenda kuichapisha saiba, duka la intaneti lililokuwa chini, ukurasa mmoja. Niliukunja mara nne nikautia mkobani. Nilijiambia kesho nitaupeleka kwa Kibe na aibu yake ataimeza bila maji.

Kesho yake, Alhamisi, saa saba, Mwaniki alinialika kwa Mama Ciku. Alilipa yeye, akaagiza na parachichi. Nilimwekea ile karatasi mezani kando ya sahani. Aliisoma, akaikunja tena vilevile mara nne, akanirudishia. Hakukana. Aliniambia alisahau. Aliniambia Kibe alikuwa amemsimamia kichwani siku ile, akitaka kuona jina likitoka kwa macho yake, na lilipotoka Kibe akasema asifiwe Bwana, wakaenda kunywa chai, na initrd ikamtoka akilini. Kisha akaweka kijiko chini.

"Nekesa, Director akiona hii nimekwisha. Na Mama Shiru ako bed rest, bill inapanda kila siku. Wewe uko single, bado mdogo, unaweza pata job mahali popote. Nipee tu mwezi moja, mambo ipoe, nitamwambia mimi mwenyewe."

Nilimtazama mtu aliyenifundisha kila nilichojua. Alikuwa hajanyoa. Nikamwambia sawa. Sikufikiri hata dakika mbili, na ujinga huo wa dakika mbili nimeulipia miaka. Nilimaliza madondo yake, nikamshukuru kwa chakula. Ijumaa saa tatu Kibe alinipa barua. Ilisema uzembe na hujuma, maneno mawili ambayo hayawezi kukaa pamoja, kwa sababu mzembe hakusudii na mhujumu hazembei, lakini barua za kufuta kazi hazina aibu. Mwaniki alinibebea katoni yangu mpaka kwenye lifti, ambayo siku hiyo ilikuwa inafanya kazi. Nilingoja aseme mpaka milango ikafunga.

Mafundi wa Linux, mfumo wa seva kama ile, siku hizo Nairobi tulikuwa wachache na wote tulijuana. Nilipokwenda kuomba kazi Kilimani, katika ofisi yenye zulia na mashine ya kahawa, kijana aliyenihoji aliniuliza kwa tabasamu kama mimi ndiye yule wa wapima ardhi. Wa pili hakuuliza, alirudisha tu karatasi zangu. Mwezi wa kumi ulinikuta saiba ya Kawangware, nikichapisha barua za watu na kufuta virusi kwenye flashi, na Krismasi nilikula mkate na maharage chumbani kwa sababu sikuwa na uso wa kwenda nyumbani. Mwezi mmoja wa Mwaniki ulikwisha, ukaja wa pili, wa tatu. Nilimpigia simu mara moja. Alisema Mama Shiru amejifungua salama, msichana, na kwamba nisali sana. Baadaye nilisimama tena, sitasimulia hapa, leo nina watu ninaowaongoza na mashine nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu. Kila ninayemwajiri namfundisha initrd wiki ya kwanza. Lakini ile karatasi sikuitupa. Nimehama nyumba tano nayo.

Nilikwenda nayo mazishini pia, naungama. Sikujua nitaifanyia nini. Baada ya kaburi kufunikwa na mashada kuwekwa, tukapanga foleni ya chakula, pilau, mukimo, kabeji, na nilipotafuta pa kukaa nikajikuta mbele ya mzee mwenye mkongojo na kofia ya sufu. Ilinichukua muda kumtambua Kibe. Yeye hakunitambua mpaka niliposema jina langu. Akacheka kidogo, meno yakiwa machache, akasema kumbe ni yule msichana wa mashine. Nikaweka sahani chini. Nikaitoa karatasi, nikaikunjua, nikamweleza mstari kwa mstari, tarehe, saa, amri, na mahali nilipokuwa siku hiyo. Nilijiandaa kwa mengi. Sikujiandaa kwa alichofanya, ambacho ni kunirudishia karatasi bila hata kutafuta miwani yake.

"Hiyo najua. Mwaniki alikuja kwa ofisi yangu hiyo Wednesday jioni, akaniambia yote."

Nilimuuliza kama anasema Jumatano, siku nilipoiwasha.

"Wednesday. Nikamwambia mimi ndio nilimtuma, sasa nitamfuta aje? Clients wakisikia tuliharibu mashine yetu wenyewe juu ya jina, si wangetucheka? Nikamwambia aende aongee na wewe vizuri, unyamaze. Na wewe ulikuwa mtu wa Gathogo, ungeenda tu."

Alirudi kwenye mukimo wake. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa mzee anayekumbuka hesabu iliyofungwa zamani. Nami nilikaa pale nikipanga siku zile upya. Jumatano jioni Mwaniki alikuwa ameshaungama na ameshasamehewa. Kazi yake ilikuwa salama, bili ya mkewe ilikuwa salama. Alhamisi saa saba akaja kuniomba nimwokoe na hatari ambayo haikuwepo, na mimi nikamwonea huruma, na parachichi akaninunulia. Miaka yote hii nilijipa faraja moja ndogo, kwamba angalau niliteseka kwa ajili ya mtu, kwamba kuna mtoto wa kike Waithaka aliyezaliwa vizuri kwa sababu nilifunga mdomo. Sikuteseka kwa ajili ya mtu yeyote. Ukweli alijua kuupeleka kwa mwenye uwezo wa kumwokoa, na kwangu mimi, niliyekuwa namdai ukweli huo, alileta chakula.

Mama Shiru alikuja akanikumbatia kabla sijapata pumzi. Amekuwa mwembamba. Aliniita Nekesa wetu, akasema marehemu alinitaja mara nyingi, kwamba nilipata shida kazini na yeye alijaribu kunitetea wakakataa. Alinishika mkono akiyasema hayo, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kilio. Niliitikia tu, ndiyo mama. Hakukuwa na kosa lake lolote. Kisha akaniomba, kabla sijaondoka, nisisahau kuandika kwenye kitabu cha rambirambi, kwa sababu familia itakitunza na watoto watakisoma.

Kitabu kilikuwa juu ya meza ndogo karibu na geti, kimefunikwa kitambaa cheupe, kalamu imefungwa kwa uzi. Kurasa zilikuwa na safu mbili, jina na ujumbe. Walionitangulia walikuwa wameandika lala salama, umepigana vita vizuri, tutakukumbuka. Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Kwenye safu ya ujumbe niliandika sentensi mbili, zote mbili za kweli: Alinifundisha kazi. Ile mashine niliiwasha mimi. Kisha nikarudi kwenye safu ya kwanza, nikaandika jina langu lote, majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, kwa herufi kubwa, nikampa kalamu mtu aliyekuwa nyuma yangu.